Papa wa Darasa la Sita

Maboksi manne ya msaada yaliposhushwa kwenye shule moja ya msingi huko Baray, Mwalimu Selestina aliomba kimoyomoyo yawe ya vitabu vya hisabati. Wafadhili, kwa busara zao, walikuwa wameleta nakala mia mbili za kijitabu kimoja tu, kinachohusu papa mdogo wa pwani za kaskazini mwa Australia. Tena kwa Kiingereza, kwa watoto wanaosoma kwa Kiswahili, ambao maji mengi waliyowahi kuyaona ni Ziwa Eyasi, nalo mwaka huo lilikuwa limekauka likabaki magadi.

"Tushukuru, picha ni za rangi," alisema Mwalimu Mkuu Vedasto, akapanga watoto wapigwe picha wakitabasamu.

Selestina hakuwa na kitabu kingine cha sayansi. Baada ya kupalilia vitunguu vyake alikaa na kamusi wiki nzima, akaelewa. Papa huyo ni mfupi, hulala chini kabisa kwenye miamba na matumbawe, na ngozi yake ina mabaka ya kahawia kama zulia kuukuu. Mdomoni ana vishungi vya ngozi mithili ya majani ya baharini. Samaki akipita akidhani ni jiwe, kwisha habari yake. Mchana huchomeka kichwa chini ya mwamba, mwili ukabaki nje.

"Kama Mwalimu Mkuu wakija wakaguzi!" alisema Goodness wa dawati la mbele. Selestina aligeukia ubao haraka ili darasa lisimwone akicheka.

Ukaja mtihani wa ujirani mwema, ambao shule jirani husahihishiana karatasi, na wema huishia kwenye jina. Swali la nane lilisema: taja mnyama anayejificha kwa rangi ya mwili wake. Watoto themanini na tisa waliandika papa. Mwalimu Piusi wa shule jirani akawakosesha wote, kwa wino mwekundu uliokolea.

Selestina akapanda bodaboda, kijitabu mkononi.

"Madam," alisema Piusi, "chui yupo hapo juu Ngorongoro, kinyonga yupo uani kwako, wewe unawafundisha papa?"

"Swali lilisema mnyama, Mwalimu. Halikusema jirani."

Piusi akaitazama picha. Akaigeuza juu chini. "Mbona naona mawe tu?"

"Tazama vizuri."

Alitafuta mpaka chai yake ikapoa. Mwishowe Selestina akamwonyesha jicho kwa ncha ya kalamu. Piusi akaguna, akasema kosa ni la mpiga picha. Kisha akavuta bunda la karatasi, akaanza kuweka vema, moja moja, kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino. Selestina hakuinuka kitini hadi ya themanini na tisa.

Jioni, akimwagilia vitunguu, alijikuta akimsimulia mumewe Simon habari za matumbawe, kwa furaha ambayo hata yeye ilimshangaza. Simon alimsikiliza kwa heshima zote, akauliza kama papa huyo analiwa.