Wimbo wa Miti Nyumbani kwa Muuza Mkaa

Juzi nilikwenda Kariakoo kumtafutia binti yangu mapazia, nikajikuta nimesimama jikoni kwa Bibi. Nyumba yenyewe ilivunjwa zamani, na mahali pake pana ghorofa lililojaa maduka chini mpaka juu. Lakini kona ya barabara haijahama. Nilipopima kwa macho kutoka kwenye kona hadi pale niliposimama, nikajua kabisa: hapa ndipo yalipokuwa mafiga yake. Sasa pana vigae vyeupe, feni na vitambaa vya kila rangi. Kijana wa duka akaniamkia, "Shikamoo mama, nikutolee ipi?" Puani mwangu mlishajaa vumbi la mkaa ambalo halikuwepo.

Bibi alikuwa muuza mkaa. Nyumba yetu ilikuwa kama nyumba zote za Kariakoo ya wakati ule, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, na barazani mbele magunia yamepangwa ukutani. Asubuhi, kabla sijanywa uji, nilichekecha mkaa kutoa chenga ili vipande vizuri viwe juu ya kopo la kupimia. Mikono yangu ilikuwa na weusi kwenye mistari ya viganja ambao sabuni haikuutoa, na hiyo sabuni yenyewe, kama unakumbuka miaka ile, ilikuwa ya kupangia foleni. Mafuta ya taa nayo yalikuwa ya foleni. Kwa hiyo mtaa mzima ulikuja kwa Bibi na makopo yake. Mama yangu alikuwa muuguzi, kapelekwa kazini mikoani, na mimi ndiye niliyebaki kuwa mwenzake Bibi. Mwenyewe aliniita mke mwenzangu.

Chumba cha mwisho, karibu na uani, alipanga kijana mmoja kutoka Kilimanjaro. Mchana alikuwa karani wa ghala, jioni alipiga gitaa kwenye bendi. Mimi nilimwita mjomba. Yeye alimwita Bibi mama, naye Bibi akamfanya mwana kweli kweli. Kila jioni alipakua chakula, akafunika sahani kwa kawa, akanituma: "Mpelekee mwanangu." Hata unga ulipokuwa ule wa njano tu, mkavu kooni, sahani ilikwenda. Mwezi wa Ramadhani, yeye Mkristo, alikaa nasi mkekani akisubiri adhana kama sisi.

Mwaka mmoja alikwenda likizo kwao akarudi amenyamaza. Bibi alimwuliza kama kuna msiba. Akasema hapana, ila kijito cha nyuma ya shamba la baba yake, alichojifunzia kuogelea, amekikuta mawe matupu. Miti ya huko juu ilikuwa imekatwa. Bibi akasema pole mwanangu, akaendelea kuchambua mchele.

Baada ya hapo tukaanza kusikia tuni moja ikitoka chumbani kwake. Haikuwa ya kuchezea. Ilikuwa ya taratibu, ya kubembeleza, ya kusikiliza ukiwa umekaa na chai yako. Hakuiimbia maneno, alivuma tu midomo imefumbwa. Na Bibi aliipenda! Alipima mkaa akiivuma, akapepea moto akiivuma. Jioni moja mjomba akaja kumwomba ruhusa.

"Mama, wimbo wangu unataka sauti ya mtoto. Naomba mjukuu wako aje aimbe na bendi, tunakwenda kurekodiwa kwa ajili ya redio."

Bibi akacheka mpaka akashika kiuno. "Mke mwenzangu kwenye redio! Mchukue. Ila arudi kabla ya magharibi."

Hakuuliza wimbo unasema nini.

Maneno nilifundishwa kwenye chumba cha mazoezi cha bendi, Jumamosi mchana, joto limejaa na sakafu imetapakaa vizibo vya soda. Sehemu yangu ilikuwa fupi: "Mlikuta kivuli mkapumzika, sisi mtatuachia nini?" Nikaipata upesi. Kisha mjomba akaimba ubeti wake: "Moshi wapanda kilimani, tanuri halilali, mkaa wa leo ni kiu ya wanetu."

Nikamwangalia. Akaacha kupiga.

"Bibi anajua?" nikamwuliza.

"Nitamweleza mwenyewe," akasema. "Wewe niachie mimi."

Tukarekodi. Siku zikapita, na kila siku nilimtazama usoni nikitafuta kama amekwisha kumweleza. Hakumweleza. Alikula chakula cha Bibi, akarudisha sahani imeoshwa, akasema ahsante mama, akaingia ndani. Mimi nikaanza kuiogopa redio. Ilikuwa redio ya mbao, iliyokaa dirishani ikitazama uani, na kila mchana, wakati wa nyimbo, wapangaji wanawake walikusanyika na vibao vyao vya mbuzi kukuna nazi. Nilikuwa nikimwambia Bibi, "Betri zimechoka, tuzianike juani." Akanijibu, "Zikianikwa, tutakusikiaje?" Akawa amewatangazia watu wote, mpaka balozi wa nyumba kumi, kwamba mjukuu wake ataimba.

Siku yenyewe alikuwa akipika mchuzi wa papa. Mtangazaji akautaja wimbo, na kabla sijafikiri la kufanya, gitaa likaingia. Wanawake wakanyamaza. Iliposikika sauti yangu, nyembamba, kama si yangu, uani pakalipuka vigelegele. Bibi akasimama na mwiko mkononi, meno yote nje. Nilimwona vile, na natamani wimbo ungeishia pale.

Ubeti ukaja. Kila neno lilisikika vizuri, maana bendi ilikuwa imepunguza sauti makusudi. Tanuri. Mkaa. Kiu ya wanetu. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Mama mmoja akaangalia nazi yake. Mwingine akageuka kuelekea ukumbini, kule magunia yalikokuwa, halafu akageuza macho haraka kama mtu aliyechungulia chumba kisicho chake. Nami redioni nikarudia, kwa utamu wote, mtatuachia nini.

Bibi akaukoroga mchuzi. Wimbo ulipoisha aliniita.

"Yale maneno yako ya mwisho, hebu yaseme."

Nikayasema.

"Haya," akasema. "Kalete ndimu."

Mjomba alirudi jioni akiwa na furaha. Ghalani walikuwa wamemsikia. Aliingia uani akitabasamu, akatukuta tumekaa mkekani.

"Shikamoo mama."

Bibi hakuitika. Mimi sikuwa nimewahi kusikia shikamoo ikiachwa hewani vile.

"Huo wali unaokula humu ndani," akasema Bibi, "unaivishwa na nini? Na gitaa?"

"Mama, sikukuimba wewe."

"Muuza mkaa mwingine katika mtaa huu ni yupi? Nionyeshe nikampe pole."

"Nilikuwa nawaza kwetu, mama. Kijito kile..."

"Kijito chenu kimekauka, na mimi nikauke? Nimesomesha mama yake huyu kwa magunia haya. Ungekuja ukaniambia uso kwa uso, ningekusikiliza. Umemtia mtoto wangu maneno kinywani, umenitukana kwa sauti yake."

Mjomba akageuka. Akaingia chumbani.

Bibi hakumfukuza. Alifanya jambo zito kuliko hilo: hakupakua sahani. Jioni ile, na jioni zilizofuata, kawa lilining'inia ukutani. Mtaani nako mambo yakawa mabaya. Wimbo ulipendwa, ukapigwa kila mara, na watoto wakipita barazani waliuvuma wakimtazama Bibi na kukimbia. Wateja waliendelea kuja, lakini mzaha ukawa mwingi. Bibi alipima mkaa mdomo umefungwa. Mimi nilikaa kati yao na kila aliyeniambia "umeimba vizuri" nilitamani kumziba mdomo.

Mjomba alikula mikate. Kisha alinunua jiko la mafuta ya taa, na mafuta hayakupatikana. Nadhani unaona jambo lilikokuwa linaelekea. Alasiri moja nilikuwa barazani na Bibi, nikamwona mjomba anakuja kutoka upande wa sokoni, amekumbatia mfuko wa karatasi kama amebeba mtoto, shati jeupe limeingia weusi kifuani. Alikuwa amekwenda kununua mkaa mtaa wa mbali ili asinunue kwa Bibi. Alitaka kupita haraka. Alipoweka mguu kizingitini mfuko ukachanika chini, mkaa ukamwagika wote, ukabingirika mpaka kwenye miguu ya Bibi.

Hakuna aliyecheka. Mwenye cherehani wa nyumba ya pili aliacha kukanyaga. Mjomba alisimama na karatasi tupu mikononi, na nikaona macho yake yanaanza kulowa.

Bibi akaokota kipande kimoja, akakigonga kwa ukucha, akakinusa.

"Aliyekuuzia kakuuzia mbichi," akasema. "Huu ungekuchoma macho kwa moshi usiku kucha." Akakitupa. "Jumapili nakwenda kwa kaka yangu, Kisarawe. Twende wote. Nataka ukamwambie yeye huo wimbo, maana ndiye achomaye mkaa wangu."

Jumapili tukapanda lori lililokuwa likirudi kuchukua magunia, Bibi mbele kwa dereva, mimi na mjomba nyuma. Njia nzima mjomba aliushika ubao wa lori mpaka vidole vikampauka. Bibi alizaliwa huko, lakini alikuwa hajaenda kwa miaka mingi; mkaa ulimfuata Kariakoo wenyewe. Aliniahidi kunionyesha msitu wa mikongo walikokuwa wakiokota uyoga utotoni, ambamo mchana ilikuwa kama jioni.

Lori likasimama. Kaka yake alikuja kutupokea, mzee mwembamba, nyusi zake zimeungua. Bibi alisalimia, akageuka kulia, akageuka kushoto. Palikuwa na vichaka, visiki, na jua.

"Tumeshukia wapi hapa?" akauliza. "Msitu uko wapi?"

"Ndipo hapa, dada."

"Nauliza msitu. Ule wa mikongo."

Yule mzee akamtazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu anayeulizia aliyekwisha kuzikwa. "Si umeuuza, dada? Nilikuwa nakuletea. Siku hizi tunachoma kule mbali, ng'ambo ya mto, na huko nako panakwisha."

Nilidhani Bibi atamjia juu. Alikaa chini kwenye kisiki, kanga ikamshuka kichwani asiirudishe. Mjomba, aliyekuja kushtakiwa, hakuwa na mtu wa kumshtaki. Hakuuimba wimbo wake. Alichuchumaa kando ya Bibi akiangalia ardhi, na wote wawili walikaa hivyo, huku kaka yake Bibi na vijana wa lori wakipakia magunia, kwa sababu magunia yalipaswa kupakiwa na kule nyumbani kwake palikuwa na watu wa kulishwa.

Tulipokuwa tunarudi Bibi alikataa kukaa mbele. Alipanda nyuma pamoja nasi, juu ya shehena yake.

"Nilikuwa sijui," akamwambia mjomba. "Wewe ulikijua kijito chako, mimi huku nilikuwa sijui. Lakini kesho asubuhi watakuja na makopo yao. Wana watoto wa kupikia. Niwaambie nini?"

Mjomba akafikiri mpaka tukafika karibu na mjini. "Sijui, mama," akasema.

"Basi na hilo liweke kwenye wimbo. Umeweka sehemu yako tu."

Jioni ile nilitumwa na sahani.

Aliliweka. Alitunga ubeti mpya, akauimba uani mbele ya wanawake wote, na Bibi alisikiliza akiwa ameegemea gunia. Ubeti ulianza hivi: "Akataye ana njaa, auzaye ana njaa; nawe upikaye, je, mikono yako myeupe?" Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama mmoja alijifuta mikono kwenye kanga bila kujua. Kiongozi wa bendi aliukataa, akasema unaharibu utamu, na redioni wakaendelea kupiga ule wa kwanza.

Bibi aliendelea kuuza mkaa mpaka magoti yalipomshinda. Sikudanganyi kwamba aliacha. Hakuwa na kingine. Ila kila lori lilipofika alimwuliza utingo, "Mmekata wapi safari hii?" na jibu lilipokuwa la mbali zaidi, siku ile hakuwa na maneno mengi. Mjomba alirudi kwao, habari zake zikapotea. Bendi ilivunjika, na kanda ya wimbo, nimeambiwa na wanaojua, huenda ilifutwa ili kurekodiwa kitu kingine juu yake.

Ule wa kwanza wapo wazee wa rika langu wanaoweza kuuvuma. Ubeti wa uani haupo popote. Ulikuwa na mistari minne, na mimi ninayo hiyo miwili niliyokuandikia. Bibi alikuwa nayo yote. Aliuimba akipepea moto, akinisuka nywele, hata mwisho kabisa akiwa kitandani, na mimi nilikaa pembeni yake bila kuushika, kwa sababu nilidhani utakuwepo tu.