Fulana za Kumbukumbu na Pasi ya Mkaa

Nachapa fulana pale Ng'ambo, na safari hii mdomo wangu ndio ulioniponza. Dada Nyamizi wa Sikonge alitaka fulana zenye picha ya marehemu mama yake, ndugu wazivae kwenye misa ya kumbukumbu. Kuchapa kwa wino kungedumu, ila kungenichosha siku tatu. Nikachagua picha ya kubandika.

"Hii itastahimili pasi?" akauliza.

Nikacheka kijuaji. "Dada, yenyewe tunaibandika kwa pasi."

Mimi nilimaanisha mashine yangu ya kugandamiza, ambayo mafundi tunaiita pasi. Yeye akaelewa pasi yake ya mkaa. Wala sikukumbuka kumwambia wazigeuze ndani nje kabla ya kunyoosha.

Siku ya misa nilifika kwao, najionea fahari mapema. Nikakuta ndugu wote wamevaa nguo nyingine. Asubuhi hiyo kila nyumba ilikuwa imenyoosha fulana zake.

Dada Nyamizi akaleta pasi, akaigeuza. Kwenye uso wa pasi palikuwa na uso wa mama yake, kidevu kimeungua, bado anatabasamu.

"Hukunidanganya, fundi," akasema taratibu. "Kwenye pasi ameshika vizuri."