Taa ya Mama Kwenye Kanopi

Nakumbuka safari moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikisikia harufu ya plastiki inayoungua lazima nitafute pa kukaa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kazi yangu kubwa ilikuwa kushinda nyumbani kwetu Mkonze nikiwaeleza watu mambo ya fizikia ambayo hawakuniuliza.

Mama alikuwa amevunjika mguu, ana plasta mpaka pajani. Siku za kliniki Mjomba alimpeleka kwa pikapu yake, amelala kwenye godoro nyuma, ndani ya kanopi, kile kibanda cha fiba kinachofunika bodi. Vioo vyake Mjomba alishavipaka rangi nyeusi watu wasichungulie mizigo, kwa hiyo mle ndani hata saa sita mchana ni giza. Mama alisema ni kama amezikwa mapema.

"Nitakufungia taa," nikamwambia. Unajua tena, msomi.

Nikaenda Majengo kwa Fundi Hamisi, fundi umeme wa magari, kununua waya. Akaniuliza, "Na fyuzi je? Na kipira cha kupitishia waya kwenye bati?"

Sikujua vinahusika vipi, ila kukiri hivyo ilikuwa afadhali nife. "Vipo nyumbani, fundi." Nyumbani tulikuwa na kuku tu.

Nikaunga waya moja kwa moja kwenye betri, nikatoboa bati la bodi kwa msumari, nikaupitisha kwenye tundu lenye makali. Taa ikawaka. Mama akapiga vigelegele hapo hapo godoroni, nami nikavimba kichwa.

Siku ya kliniki nilikaa mbele na Mjomba. Kumbe kila gari liliporuka shimo, lile tundu lilikuwa linauchuna waya. Hatujafika mbali tukasikia mkongojo wa Mama unagonga kanopi kwa nguvu. Kufungua, moshi! Waya umepiga shoti, na ukingo wa godoro umeanza kuungua. Tukamtoa Mama na plasta yake, Mjomba akakimbilia kuchomoa betri.

Mama alikohoa weee, kisha akanitazama. "Baba, hii ni taa au jiko?"

Akacheka. Lakini tuliporudi nyumbani akasema hapandi tena gari lile. Na bila kliniki mguu ungeungaje?

Nikarudi kwa Fundi Hamisi, safari hii na Mjomba na pikapu yake, nikamwamkia, nikamweleza yote. Hakupandisha sauti.

"Kutojua si kosa. Ila wewe ulijua kwamba hujui, ukamlaza mama yako humo."

Akabadilisha waya ulioungua, akaweka fyuzi karibu na betri, akavisha tundu kipira, kisha akaniambia, "Sasa lala wewe. Mjomba wako akupeleke mpaka Nzuguni na kurudi. Waya uushike mkononi."

Nikalala. Nilirushwa kama gunia la karanga, lakini waya haukupata hata joto.

Mama aliposikia habari hiyo alivikagua viwiko vyangu vilivyochubuka, akaguna. "Haya, nipandishe. Na wewe panda huku nyuma." Tulikwenda kliniki tumelala ubavu kwa ubavu, taa inawaka, ananitania njia nzima.

Basi, mwanangu, usipojua, sema sijui, tena palepale mbele ya anayejua. Aibu yake haifiki hata nyumbani. Na kazi utakayomfanyia mtu, wewe uwe wa kwanza kulala ndani yake. Mungu akupe mikono ambayo wanaokupenda wataiamini hata wakiwa wamefumba macho. Amina.