Mkungu Nyuma ya Mlango

Jumapili iliyopita nilimwona mzee wa kanisa akipanga sadaka za mavuno kwa ukubwa, nikapandwa na hasira ya zamani.

Nilipokuwa binti, mchana wa sikukuu ya mavuno kulinyesha kijijini kwetu Kyimo, na kanisa lilinuka ndizi mbivu na makoti ya mitumba yaliyolowa. Wazazi wetu walikuwa wameshafariki, nami nilikuwa nimeacha shule nichume chai, nilee wadogo zangu. Nilileta mkungu mmoja mdogo.

"We binti, huu ni mkungu au kichane?" mzee wa kanisa wa siku hizo alicheka. "Weka nyuma ya mlango, usituaibishe."

Mbele aliweka mikungu ya wenye maduka mapya. Niliamini Mungu angekagua kwa foleni, achoke kabla ya kutufikia. Nikaubeba mkungu wetu, nikampelekea jirani yetu, bibi mjane aliyekuwa mgonjwa.

"Ndaga fijo, mwanangu," alinishukuru, akimenya ndizi. "Tangu juzi sijala."

"Kula, bibi, ila usimwambie mzee wa kanisa."

Nilirudi nyumbani nikiogopa kwamba nimemwibia Mungu. Sasa najua sikumwibia. Waliomwibia ni wale waliompangia foleni, huku mgonjwa akilala njaa hatua chache kutoka madhabahuni.