Mkono wa Choo cha Maman Nzigire

Mkono wa kuvutia maji chooni ulikatika asubuhi ileile wageni wa posa walipokuwa njiani kutoka Nyakabuye. Nzigire alibaki ameushika, anautazama kwa hasira kana kwamba umemtukana.

Kosa lilikuwa la mdomo wake. Alishajigamba mbele ya Mukamurenzi, shangazi yake Osée, kwamba kwake hakuna mambo ya ndoo, unavuta tu. Shangazi huyo hukagua kila kona, na leo anakuja kumwombea Osée mke, Divine, binti pekee wa Nzigire. Akikuta ndoo, atakuwa na cha kusimulia mpaka uzeeni.

Divine alikimbia dukani akarudi na mkono mpya. Fundi hakupokea simu. Basi Nzigire, aliyezoea kuvusha mizigo mpakani Rusizi, akafunua tanki na kuishika kwa spana nati ya mkono ule ili aifungue. Haikusogea. Akaongeza nguvu. Tanki likalia kwa ndani. Likipasuka, hata ndoo haitamwokoa na aibu!

"Maman, wacha kwanza!"

Alikuwa Osée, nje ya kidirisha cha choo, aliyetangulia kuleta kreti za soda. Kuingia hakuthubutu: mkwe hakanyagi choo wala bafu la mama mkwe, hata nyumba iwake moto.

"Geuza ku kuume. Ile nati inafungukaka kinyume."

"Weye unajua namna gani?"

Osée akashusha sauti. "Tanki ya kwetu njo mimi nilipasulaka, Maman. Shangazi hajanisamehe mpaka leo."

Nzigire hakuwahi kumwamini kijana huyu. Alimwona mcheshi mno, na wacheshi huficha mengi. Lakini mwongo gani hujianika hivyo siku ya posa? Akageuza kuume. Nati ikalegea. Akaweka mkono mpya, akaukaza kushoto polepole, Osée akinong'ona, "Basi, Maman, usizidishe." Papo hapo honi ikalia barabarani.

Wageni hawajamaliza hata soda, shangazi akauliza choo kiko wapi. Mlango ukafungwa. Nzigire akatazama zulia; Osée, upande wa pili wa sebule, naye akatazama zulia. Maji yakaporomoka, tanki likaanza kujaa, na wawili hao wakashusha pumzi kwa pamoja.

Wazee wakaanza kuvutana kwa maneno ya adabu, hawa wakimwomba binti, wale wakijifanya kumnyima. Nzigire hakuwasikiliza. Moyoni yeye alishampa Osée binti yake mapema, palepale kwenye kidirisha cha choo.