Kidole Gumba Juu ya Uzi

Wanafunzi wake wa uvuvi humwita Mama wa Ndoano, basi. Kila Jumamosi asubuhi humkuta ameshaketi juu ya mawe meusi ya volkano kando ya Ziwa Kivu, beseni la maji ubavuni. Samaki hamgusi kabla ya kulowesha mikono. Ziwani hatazami kabisa. Mwanafunzi akitupa ndoano, yeye huweka kidole gumba juu ya uzi, kwa wepesi wa muuguzi anayepima mapigo ya mgonjwa, huku akiulizia habari za nyumbani.

Nabintu, karani kutoka mtaa wa Majengo, alikuwa katika Jumamosi ya nne bila hata samaki mmoja, na nyumbani walishaanza kumcheka. Uzi ulipotikisika, akajiandaa kuvuta kwa nguvu zote. Kile kidole kikaubana. “Polepole, mutoto yangu. Huyu iko na batoto mu kinywa.” “Umejuaje, Mama?” “Mwenye njaa anavuta. Huyu anasukuma tu.” Akatoka tilapia mnene, ndoano imemshika ukingoni mwa mdomo. Mama akalowesha mikono, akaichomoa, akamlaza ndani ya beseni. Kinywa kikafunguka, vikamwagika visamaki vidogo kama punje za ulezi, kila kimoja na macho yake. Mama hakusogea wala kukohoa mpaka cha mwisho kiliporudi kinywani. Ndipo akaliinamisha beseni ziwani, taratibu. Nabintu akabaki na uzi mtupu. Alipotaka kusema neno, akagundua kwamba muda wote ule na yeye alikuwa amefumba mdomo, hata pumzi hakuiachia.