Joto la Kumwaga Ziwani

Juzi nilipeleka bawaba ya geti kwa fundi wa kuchomelea hapa Voi, nikamkuta mteja amekumbatia hita ya dizeli. Hita, Voi! Huku tunakolala madirisha wazi. Nikadhani jua limenipiga.

"Ni ya boti," akanieleza. "Napeleka wageni Ziwa Jipe alfajiri kutazama ndovu. Julai hii wanatetemeka ndani ya turubai."

Ubishi ulikuwa juu ya ekzosi, bomba la kutolea moshi wa hita. Fundi alitaka bomba lipite ubavuni mwa boti litokee nje, juu ya maji. Mteja akalishika bomba kwa mikono miwili.

"Joto lote hilo limwagike ziwani? Ligeuze ndani, fundi."

"Utaua watu."

"Kwa moshi gani? Mimi siuoni. Kwetu Mwanda, kule milimani kwenye baridi, jiko la makaa likishakuwa jekundu si tunaliingiza chumbani?"

Fundi akazima mashine, akavua miwani. "Ule usiouona ndio unaoua. Mtu analala tu, haamki."

Nilicheka, kisha nikashindwa kujua nacheka nini. Jumapili nami nilikuwa Mwanda. Mimi, mtu wa kuandika magazetini, niliingiza jiko chumbani kwa mama kwa mikono yangu, nikabarikiwa kwa wema huo.

Nikampigia simu palepale. "Mama, lile jiko bado unalala nalo?"

"Kila siku, mwanangu. Tena dirisha nimeliziba na matambara, joto lako lisipotee."